Peugeot za zamani Mlima Kenya: Matunzo anayoweza mwenye gari nyumbani, na pale anapopaswa kumwachia fundi

KATIKA vijiji vinavyozunguka Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki, si ajabu kukuta Peugeot 404 au 504 imeegeshwa chini ya kibanda cha mabati kando ya ghala la mahindi, magurudumu yameishiwa upepo na kuku wanataga juu ya kiti cha nyuma. Mara nyingi gari hilo lilinunuliwa na baba au babu. Likapeleka kahawa kiwandani, wagonjwa hospitalini na maharusi kanisani, kisha likaachwa siku lilipokataa kuwaka. Warithi wengi hawajakata shauri iwapo walifufue ama wamwite mnunuzi wa vyuma vikuukuu, ambaye hulipima kwa kilo bila kujali lilikuwa gari la aina gani.

Uamuzi huo ni mzito kuliko unavyodhaniwa. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, chini ya kiwango cha ubora KS 1515. Maana yake ni kwamba akiba ya magari ya zamani ni ile iliyomo humu nchini, na kila moja linalokatwa kwa tochi ya gesi haliwezi kufidiwa kwa kuagiza jingine kutoka ng'ambo.

Peugeot 404 ilizinduliwa Ufaransa 1960 na 504 ikaifuata 1968. Umaarufu wa aina hizi Afrika Mashariki haukutokana na matangazo. Katika mashindano ya Safari ya 1963, magari 84 yalianza na 7 pekee yakamaliza. Mshindi alikuwa Nick Nowicki akiandamana na Paddy Cliff katika 404. Bert Shankland na Chris Rothwell wakashinda kwa 404 katika 1966 na 1967. Nowicki na Cliff wakarudia ushindi wao 1968, mwaka ambao magari 93 yalianza na ni 7 tena yaliyofika mwisho. Nayo 504 ilishinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na ile ya aina ya coupé yenye injini ya V6 ikashinda 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Mkulima wa Mukurweini aliyeona gari likistahimili matope ya Safari hakuhitaji kushawishiwa zaidi. Bei ya kahawa ilipopanda duniani baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazili 1975, baadhi ya wakulima wa nyanda hizi walipata uwezo wa kununua. Baadaye 504 ndefu yenye safu tatu za viti ikawa teksi ya abiria kati ya Nairobi na miji ya mlimani, hadi nafasi yake ilipochukuliwa na vani za abiria 14, na kanuni za matatu za Februari 2004 zilizoletwa na Waziri John Michuki zikakuta enzi yake inakaribia kwisha.

Maelezo yafuatayo yanahusu zaidi aina hizo mbili zenye injini ya petroli, ingawa mengi yanafaa pia kwa Datsun, Volkswagen na Land Rover za rika lao.

Maji kabla ya yote

Ukiuliza fundi yeyote wa miaka mingi kilichoua Peugeot nyingi, atakutajia joto la injini. Sababu yake imo katika maumbile ya injini yenyewe. Kichwa cha injini ya 404 na 504 kimetengenezwa kwa alumini ilhali bloki ni ya chuma. Metali hizo mbili zikikutanishwa na maji matupu, alumini huliwa polepole, mifereji ya maji huziba kwa ukoko mweupe na gasketi hupoteza pa kukalia. Hii ndiyo sababu rejeta ijazwe mchanganyiko wa maji safi na kulanti inayofaa kwa alumini, kwa kadiri iliyoandikwa kwenye mkebe, na ubadilishwe wote kila baada ya miaka miwili hivi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa kuliko ya mtaro au kisima. Wenye magari wengi huona kulanti kuwa anasa ya nchi zenye theluji. Wamekosea, kwani kazi yake kubwa katika mazingira yetu ni kuzuia kutu.

Mwinuko nao una yake. Nanyuki iko yapata mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yasiyofunikwa huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoongeza shinikizo ili maji yasichemke mapema. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, gari litachemka katika mkweo wa kutoka Sagana hata kama rejeta ni mpya. Kifuniko kipya chenye kipimo sahihi ni bei ndogo mno ikilinganishwa na kichwa cha injini kilichopinda.

Kuna mazoea ya kung'oa themostati kila gari linapopata joto. Mazoea hayo ni mabaya popote, na mabaya zaidi Nyeri. Asubuhi za Julai zina baridi kali, na injini isiyo na themostati huchukua muda mrefu kupata joto linalotakiwa. Petroli isiyoungua huteremka kwenye oili na kuipunguza uzito, na silinda huchakaa. Themostati hupimwa jikoni: itumbukizwe katika sufuria ya maji yanayopashwa moto, na ikiwa haifunguki kabla maji hayajachemka, inunuliwe nyingine.

Jambo jingine ni feni. Peugeot hizi nyingi zina feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme pale tu maji yanapofikia joto fulani, na kuachiliwa yanapopoa. Kipande cha kaboni kinachopitisha umeme kikiisha, feni hukaa bure huku sindano ya joto ikipanda. Mwenye gari anaweza kukikagua kwa macho, kusafisha nyaya zake na kurekebisha mwanya wa sumaku. Mafundi wengi hukwepa kazi hiyo kwa kuikaza feni izunguke wakati wote. Gari hupona, ila hupoteza nguvu kidogo na kuchelewa kupata joto asubuhi.

Kichwa cha injini kinapofunguliwa

Silinda za injini hii si matundu yaliyochongwa ndani ya bloki. Ni mirija ya chuma, ambayo mafundi huiita slivu, iliyozungukwa na maji moja kwa moja. Huu ni ukarimu mkubwa wa wahandisi kwa mtu anayetengeneza gari mbali na karakana kubwa: silinda zikichakaa, slivu na pistoni zake hubadilishwa kwa seti bila bloki kupelekwa kuchongwa. Lakini una sharti lake. Kichwa kikishaondolewa, hakuna kinachozishikilia slivu hizo isipokuwa uzito wake na gasketi nyembamba zilizo chini. Fundi asiyejua huzungusha injini ili kusafisha pistoni; slivu hunyanyuka nywele moja tu, gasketi za chini huachana, na baada ya wiki mbili oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kabla ya kuzungusha chochote, kila slivu ibanwe kwa bolti na washa pana.

Kazi hii inawezekana nyumbani kwa mtu mwenye subira na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Asiye nayo aiazime au amwachie fundi, maana bolti za kichwa zilizokazwa kwa kukisia ndizo huipinda alumini. Uso wa kichwa hupimwa unyoofu kwa rula ya chuma, na ukionekana kupinda lazima upelekwe kwenye mashine. Hapo hakuna njia ya mkato.

Wapo wanaohofia petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee iliyobaki katika vituo vya Kenya tangu mwanzoni mwa 2006. Hofu hiyo ina msingi kwa baadhi ya injini za kale zenye kichwa cha chuma, ambako valvu hukalia chuma laini cha kichwa chenyewe. Katika Peugeot hizi, valvu hukalia pete ngumu zilizopachikwa ndani ya alumini, hivyo tatizo ni dogo. Muhimu ni kupima mianya ya valvu mara kwa mara injini ikiwa baridi.

Kabureta na hewa nyembamba

Katika mwinuko wa Nanyuki, shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kabureta haijui hilo. Huendelea kumimina petroli kana kwamba iko pwani, na matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi makavu na tangi linalokauka upesi. Kabla ya kulaumu pistoni, mwenye gari afungue plagi na kuzitazama. Masizi meusi makavu yanaashiria petroli nyingi. Weusi wenye utelezi wa oili ndio unaoashiria ringi au mwongozo wa valvu uliochakaa. Tofauti hiyo peke yake imewaepusha watu na gharama ya kufungua injini nzima bila sababu.

Tiba ya petroli nyingi ni kusafisha filta ya hewa, kuhakikisha choki inafunguka kabisa na kuelea kwa petroli ndani ya kabureta hakujazidi, kisha, ikibidi, kuweka jeti ndogo zaidi. Jeti hazitobolewi wala kuchokolewa kwa waya. Anayebadilisha jeti aitunze ile ya awali ndani ya gari, kwa sababu akiteremka hadi Mombasa na jeti ya mlimani, injini itapata petroli haba, igonge na kupata joto.

Pointi za distribyuta huwekwa mwanya wa milimita 0.4 hivi, na kondensa hubadilishwa pamoja nazo. Fyuzi iliyoungua haizibwi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nyaya za nusu karne iliyopita zina ngozi kavu, na panya wa ghalani wamezionja pia. Moto mwingi wa magari ya kale huanzia huko.

Oili zinazochanganya mafundi

Hapa ndipo Peugeot inapowatofautisha wanaoijua na wanaoikisia. Giaboksi ya kawaida ya 404 na 504 hutumia oili ya injini, si oili nzito ya gia. Ikijazwa ile nzito, gia huingia kwa shida asubuhi na vipandishi vya ndani huchakaa. Difu ya 404 nayo ni ya namna ya pekee, ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Oili za kisasa za difu zenye kemikali za salfa zilibuniwa kwa gia za chuma tupu, na zinaweza kuila shaba hiyo. Mwenye 404 aulize oili isiyodhuru shaba, au afuate kitabu cha gari. Difu ya 504 haina udhaifu huo, hutumia oili ya kawaida ya difu.

Klachi ni kazi ya kumwachia fundi. Propela ya magari haya imefungwa ndani ya bomba lililoshikana na difu, hivyo ili kuitoa giaboksi ni lazima ekseli yote ya nyuma isogezwe. Watu wawili wenye jeki moja wasijaribu.

Breki

Barabara za eneo hili hazina huruma kwa breki. Mteremko wa kuelekea daraja la Nithi, katika barabara ya Meru kwenda Embu, umeua watu kwa miaka mingi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na abiria zaidi ya 30 wakafariki. Gari dogo la familia hushuka miteremko hiyohiyo, na 404 nyingi za awali zina mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, kanyagio hufika sakafuni na hakuna breki iliyobaki ila ya mkono.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Maji hayo hula silinda kwa ndani, na breki zinapopata joto mteremkoni huchemka na kuwa mvuke, kanyagio likawa kama sifongo. Yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama gari halikutembea. Wala yasichanganywe kamwe na oili ya injini au mafuta ya usukani, kwani mipira yote itavimba na mfumo mzima utahitaji kubadilishwa.

Kukagua ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyagio likandamizwe kwa nguvu na kushikiliwa kwa dakika moja. Likizama polepole pasipo mafuta kuvuja nje, mipira ya silinda kuu imekwisha. Gurudumu linalobaki na joto kuliko mengine baada ya safari fupi huenda lina pistoni iliyokwama, au mpira uliovimba ndani na kuzuia mafuta kurudi. Mwenye gari anaweza kubadilisha pedi na kutoa hewa akisaidiwa na mtu wa kukanyaga. Silinda kuu na mabomba ya chuma awaachie wenye ujuzi, na gari lenye shaka ya breki livutwe kwa gari la uokoaji, lisiendeshwe "polepole tu" hadi gereji. Ikumbukwe pia kwamba pedi na laini za breki za miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake husababisha saratani. Lilowanishwe kwa maji na kufutwa, lisipulizwe kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo.

Anayefanya kazi chini ya gari asitegemee jeki pekee. Gari likalie stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu, magurudumu mengine yakiwa yamewekewa vizuizi. Jiwe la kujengea hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na nyua nyingi za Nyeri zina mwinamo hata kama macho hayauoni.

Kutu, matope na gari lililolala

Kwa bahati nzuri barabara zetu hazinyunyiziwi chumvi kama za Ulaya. Adui hapa ni udongo mwekundu wa mlimani, ambao hushikamana kwenye matao ya magurudumu na ndani ya mbavu za sakafu, ukakaa na unyevu tangu masika hadi kiangazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: nusu saa ya maji yenye nguvu chini ya gari baada ya msimu wa mvua, pamoja na kuzibua matundu ya kutolea maji milangoni, huokoa kazi ya wiki nzima ya kuchomelea. Turubai la plastiki lililogusa bodi hufungia unyevu; kibanda kilicho wazi pembeni kinafaa zaidi. Wenye Land Rover za kale kule Timau na Naro Moru hujisifu kwamba bodi zao za alumini hazishiki kutu. Ni kweli, lakini fremu iliyo chini yake ni ya chuma, na huoza kwa siri kuanzia ndani.

Gari lililolala miaka mingi halisukumwi mteremkoni ili liwake. Petroli yote ya zamani itolewe, tangi lioshwe na mpira wa petroli ubadilishwe. Plagi zifunguliwe, kila silinda itiwe kijiko cha oili na kuachwa usiku kucha, kisha injini izungushwe kwa mkono, kwa hendeli au spana, hadi iende bila kukwama. Oili na maji yabadilishwe kabla ya kuwasha, si baada. Tairi zilizokaa muongo mmoja hazifai hata zikiwa na meno mazuri, kwani mpira huzeeka kwa muda kama unavyochakaa kwa mwendo.

Vipuri vinapatikana kuliko inavyosemwa. Uunganishaji wa 504 nchini Kenya uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ule wa Nigeria ukadumu zaidi kidogo, hivyo vipuri vilitengenezwa muda mrefu baada ya Ufaransa kuachana na gari hilo. Aidha, 505 iliyofuata ilirithi injini ya sentimita za ujazo 1,971 ya 504, na gari bovu la aina hiyo linaweza kuwa hazina. Kipuri cha zamani kisitupwe kabla kipya hakijafungwa na kufanya kazi, kwa sababu vya bandia ni vingi na pengine kile cha awali kinatengenezeka. Oili chafu isimwagwe mtaroni, ikaishia katika mito ya Chania au Sagana ambayo watu wa chini huteka maji. Ihifadhiwe kwenye mtungi na kupewa wanaoikusanya.

Kuhusu karatasi, injini ikibadilishwa, nambari mpya sharti iandikishwe katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, la sivyo gari litakwama siku ya kuuzwa au kurithishwa. Bima ya kuwafidia watu wengine ni ya lazima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, hata kwa gari linalotoka Jumapili pekee. Bima kamili ni ngumu kupatikana kwa gari la umri huu. Anayeitaka aombe kwanza gari lithaminiwe na athibitishe thamani hiyo kwa maandishi na kampuni ya bima kabla ya kulipa. Na pale ambapo kitabu cha umiliki kingali kwa jina la marehemu, warithi wamalize shughuli za urithi mahakamani kabla ya kununua hata plagi, kwa kuwa gari lililofufuliwa kwa gharama ya ndugu mmoja huwa na wenyewe wengi.